Feni Kubwa, Mwendo wa Pole

Kompyuta nyingi za mezani ninazozifungua hapa Litein zilianzia kazi Uingereza. Zilikaa chini ya meza za ofisi za huko miaka mitatu minne, zikastaafishwa zingali na nguvu, zikapakiwa kwenye makontena, na leo ziko katika shule za Bureti, ofisi za vyama vya ushirika, saiba za Kapkatet na sebule za walimu wa Bomet. Tunaziita ex-UK, kama tunavyosema ex-Japan kwa magari. Ni HP Compaq, Dell OptiPlex na Lenovo ThinkCentre. Ni mashine ngumu. Nyingi zina prosesa za Intel za kati ya 2011 na 2014, na ukizitilia diski ya SSD na kuziongezea memori, zitaandika barua, zitajaza fomu za mkopo wa elimu wa HELB na kuhariri video ya harusi bila shida.

Shida ni feni. Ukiiwasha kompyuta asubuhi inanguruma, inatulia kidogo, halafu mtu akifungua kurasa kadhaa za intaneti inapanda tena na kubaki hukohuko juu. Mchana huenda usiisikie. Kuna boda boda nje, kuna posho mill upande wa pili wa barabara, na mvua ya saa tisa ikianza kupiga mabati hata mtu aliyekaa mbele yako humsikii. Usiku ndipo kelele hiyo inapojitambulisha. Mwalimu anayeandaa alama za mtihani sebuleni huku watoto wamelala nyuma ya pazia anaijua vizuri.

Kabla ya kushika bisibisi nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Wateja wangu wengi ni watu niliowapimia majani, kwa hivyo hawaogopi kuniuliza: “Mama, hii feni mpya nitaihitaji kweli, ama unataka tu kuniuzia?” Ni swali la haki. Kipozaji kipya cha prosesa ni kitu cha mwisho kununua, baada ya kujaribu vya bure. Na ukifika hapo pa kununua, nenda dukani na vipimo vya rula. Jina lililoandikwa kwenye boksi lije baadaye.

Kwanza jua ni nani anayepiga kelele. Ndani ya kasha kuna feni ya prosesa, feni ya pawa saplai, mara nyingi feni nyingine ya nyuma, na kama bado una diski ya zamani ya kuzunguka, nayo ina sauti yake. Mimi hukunja ukurasa wa gazeti la Taifa Leo kuwa bomba, ninaweka upande mmoja sikioni na mwingine ninaupitisha polepole juu ya mashine iliyofunguliwa ubavu, bila kugusa kitu. Ni kifaa cha bei ya gazeti la jana na kinasema ukweli. Feni yenye beringi iliyochakaa hutoa mkwaruzo, au mlio unaokuja na kuondoka. Feni nzima inayozunguka kwa kasi kupita kiasi hutoa mvumo wa hewa usiokatika. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza linatibiwa kwa kubadilisha feni peke yake. La pili ndilo la kipozaji, na hata hapo usikimbilie dukani.

Fungua, tazama. Kipozaji cha kawaida ni pande la alumini lenye mapezi membamba, na juu yake feni inayopuliza kuelekea chini. Kwenye mashine ambayo haijafunguliwa tangu ishuke melini, huoni mapezi hata kidogo. Unaona mkeka. Ukiuinua kwa kibanio unatoka mzima, na ukiukata kwa wembe unaweza kuisoma historia yote ya kompyuta hiyo. Chini kuna vumbi la kijivu, laini, la mazulia ya ofisi za Uingereza. Juu yake kuna wekundu wa barabara zetu za murram wakati wa kiangazi cha Januari na Februari. Halafu kuna masizi ya kuni, yenye mafuta kidogo, yanayogandisha yote mawili. Ikiwa mashine ilikaa katika ofisi ya kiwanda cha chai, kuna na tabaka la nne, nyuzinyuzi za kahawia za majani makavu, nyepesi kuliko pamba, ambazo hupita kila mahali penye hewa. Hewa haiwezi kupita kwenye mkeka kama huo. Joto linakwama, prosesa inaomba msaada, na mazabodi inaiamuru feni iongeze kasi. Feni inatii, na kwa kweli haina kosa lolote.

Mashine hiyo ibebe nje, chini ya mti, upepo ukikupuliza kwa nyuma. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapotumia blowa, maana ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika beringi. Tumia brashi ya rangi iliyo safi na kavu. Ukimaliza, fungua skrubu na uinue kipozaji chenyewe, kwa sababu chini yake kuna jambo jingine.

Kati ya kifuniko cha prosesa na kitako cha kipozaji kuna pesti nyembamba. Chuma kwa macho ni laini, lakini kikikutana na chuma kingine kunabaki nafasi ndogondogo zilizojaa hewa, na hewa ni mbaya sana katika kupitisha joto. Kazi ya pesti ni kuifukuza hewa hiyo. Baada ya miaka kumi na zaidi inakuwa imekauka hadi inabanduka vipande vyeupe kama chokaa. Ifute yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya aisopropili, kisha weka tone jipya lenye upana wa milimita nne au tano katikati ya prosesa, na uache mkandamizo wa skrubu ulitandaze. Ukipaka nyingi unaziba badala ya kusaidia. Watu huniuliza kuhusu dawa ya meno, kwa kuwa kuna mtu fulani alisema inafanya kazi. Inafanya kazi kwa muda mfupi, kisha inakauka, na utarudi kwangu.

Nusu ya wanaoleta mashine zenye kelele huishia hapo, nao hulipa kazi na tone la pesti. Wengine huhitaji zaidi. Mmoja wao ni mwalimu wa kwaya kutoka upande wa Mogogosiek, anayerekodi nyimbo za kanisa katika chumba alichokitandazia magodoro ukutani.

Aliweka simu juu ya meza yangu na kuniambia, “Chamgei, mama. Sikiliza hapa, kabla sauti ya kwanza haijaingia.”

Nikasikiliza. Chini ya kinanda kulikuwa na “shhhh” ndefu. “Hiyo si mvua, mwalimu?”

“Mvua haikunyesha siku hiyo. Ni ile HP. Nikiisogeza mbali na maikrofoni, waya haufiki. Nikiizima, narekodi na nini?”

Mashine yake ilikuwa HP Compaq 8200 Elite, ya kusimama, yenye prosesa ya Core i5-2400. Nilikuwa nimeshaisafisha na kuibadilishia pesti. Ilitulia ilipokuwa haina kazi, lakini alipofungua programu ya kurekodi yenye nyimbo nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine, feni ilipanda na kubaki juu. Hapo pesti haiwezi kukusaidia tena. Kipozaji chenyewe ni kidogo kwa kazi anayoipa, na kidogo hulazimika kukimbia.

Aliyewahi kuingia ghorofa la kunyaushia majani katika kiwanda cha chai ataelewa haraka. Majani mabichi humwagwa juu ya wavu wa vitanda virefu, na mwishoni mwa kila kitanda kuna feni pana inayosukuma hewa chini ya wavu kwa saa nyingi, usiku kucha, hadi jani lilegee. Feni hizo ni kubwa ajabu, lakini unaweza kusimama kando yake ukazungumza na mwenzako. Zinasukuma hewa nyingi kwa sababu ya upana wake, wala hazina haja ya kukimbia. Kama mhandisi angeweka vifeni vidogo vya kasi kupata hewa ileile, wafanyakazi wote wa zamu ya usiku wangekuwa viziwi. Ndani ya kompyuta hesabu ni hiyohiyo. Feni ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya feni ya milimita 80. Na sauti ya feni hushuka upesi sana ukiipunguzia kasi: ukiishusha hadi nusu ya mizunguko yake, kelele hupungua kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huona desibeli 10 kuwa kama nusu ya sauti. Kwa hiyo anayetaka utulivu anatafuta mapezi mengi, feni pana na mizunguko michache. Mengine yaliyoandikwa kwenye boksi, taa za rangi na picha za joka, hayapozi kitu.

Kelele hii ina historia yake. Kompyuta za kwanza za watu binafsi, zenye prosesa kama 8086, hazikuwa na feni juu ya prosesa, kwa sababu prosesa ilitumia umeme kidogo mno. Feni ilikuja kuwa desturi baada ya Pentium ya 1993. Kisha watengenezaji wakashindania kasi, joto likapanda, na kufikia 2004 baadhi ya Pentium 4 za aina ya Prescott zilipewa kipimo cha wati 115. Ofisi zilizokuwa na hizo mashine kumi katika chumba kimoja zilikuwa na mvumo wa kudumu. Mwaka 2006 Intel ilileta Core 2 Duo, nyingi zikiwa na kipimo cha wati 65, nazo ni rahisi sana kuzituliza. Ile i5-2400 ya mwalimu, ya mwaka 2011, ina kipimo cha wati 95. Hicho ni kiwango cha juu; ukiandika barua inatumia sehemu ndogo tu. Lakini kipozaji unakichagua kwa ajili ya siku ya kazi nzito.

Sisi watu wa milimani tuna jambo moja la kutufurahisha na moja la kutuudhi. Kericho na Litein ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chai hapa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Hewa ni nyepesi, uzito wake ni karibu asilimia 80 ya hewa ya Mombasa, na uzito wa hewa ndio unaobeba joto. Feni inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hapa Litein inaondoa joto pungufu kuliko feni hiyohiyo ikiwa Likoni. Hilo ndilo la kuudhi. La kufurahisha ni baridi yetu. Tuseme kipozaji fulani kikiwa Mombasa kinaiacha prosesa nyuzi 40 juu ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 30, prosesa iko 70. Kilete hapa: hewa nyepesi inaweza kuzifanya zile 40 kuwa 46 hivi, lakini chumba usiku kina nyuzi 18, basi prosesa iko 64. Bado tumewashinda watu wa pwani, na nafasi hiyo tunaweza kuitumia kupunguza kasi ya feni. Prosesa nyingi za Intel za miaka hiyo huanza kujipunguzia mwendo zenyewe zikikaribia nyuzi 100. Sitini na kitu si joto la kumnyima mtu usingizi, ingawa kila wiki nina mteja aliyepakua programu ya kupima joto na kuingiwa na hofu.

Sasa rula. Kipimo cha kwanza ni kimo. Ondoa ubavu wa kasha, weka rula wima kutoka juu ya prosesa hadi mahali ubavu unapofunga. Kasha jembamba la ofisi, lile linalolazwa chini ya skrini, mara nyingi halina hata sentimita saba, na humo utaweka tu kipozaji kifupi. Kasha la kusimama lina nafasi zaidi, lakini si kama watu wanavyodhani. Cooler Master Hyper 212, ambayo vijana wa michezo ya kompyuta huitaja kwanza, ina kimo cha karibu milimita 159. Nimeona kijana akiileta kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, akaifunga vizuri kwenye mashine yake ya ex-UK, kisha ubavu ukakataa kufunga. Aliishi na kompyuta iliyo wazi hadi paka akapendezwa na joto la ndani. Kwa makasha ya ofisi yanayosimama, tafuta vipozaji vyenye feni ya milimita 92. Noctua NH-U9S ina kimo cha milimita 125, na Arctic Freezer 7 Pro ya zamani iko papo hapo. Angalia pia upande wa memori na upande wa pawa saplai, kwa kuwa mapezi hupanuka kuliko kitako.

Kipimo cha pili ni soketi, yaani kiti cha prosesa na matundu manne yanayokizunguka. Intel ya LGA 775, enzi za Core 2 Duo, ina matundu yaliyopishana milimita 72. Kuanzia LGA 1156 ya mwaka 2009, kisha 1155, 1150, 1151, hadi 1200 ya mwaka 2020, matundu yalibaki milimita 75. Tofauti ya milimita tatu inatosha kukurudisha Kericho mjini kwa matatu ya jioni. Mashine za AMD zina mpangilio wake. Andika jina la prosesa kwenye karatasi, mpe muuzaji, na usikubali akikuambia “hii inaingia kila mahali” bila kukuonyesha soketi yako ikitajwa kwenye boksi.

Kuna mitego ya HP na Dell ambayo mashine za kuunganishwa mtaani hazina. Kampuni hizi hutengeneza vitu vyao wenyewe. Skrubu nne za kipozaji, zenye kichwa cha nyota, mara nyingi hujifunga kwenye bamba la chuma lililo nyuma ya mazabodi, au kwenye kasha lenyewe, na kipozaji kipya kinachotumia pini za plastiki za kusukuma hakitakubali hadi bamba hilo liondoke. Pili ni plagi. Feni ya kawaida ya siku hizi ina pini nne: umeme wa volti 12, ardhi, waya unaoripoti kasi, na waya unaopokea amri ya kasi. Baadhi ya OptiPlex zina plagi ya pini tano. Ukiweka feni ngeni bila waya wa kugeuzia, mashine itawaka, itasimama kabla ya kufungua Windows, na kukuambia kwamba feni imekufa, ubonyeze F1. Mwenye saiba ambaye mashine zake huzimika kila umeme ukipotea hataki kubonyeza F1 kila asubuhi. Waya wa kugeuzia upo na si ghali, ila uagize pamoja na kipozaji. Parseli mbili kwa matatu kutoka Nairobi ni nauli mbili.

Kwa mwalimu tuliamua kipozaji cha mnara chenye feni ya milimita 92 na mirija ya shaba. Mirija hiyo hupendwa kuelezwa vibaya, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Si shaba iliyojaa. Ni bomba tupu lililofungwa pande zote, lililotolewa hewa, lenye maji machache ndani na utambi kwenye kuta zake. Kwa kuwa hakuna hewa ya kuyakandamiza, maji hayo hugeuka mvuke kwenye joto la chini sana. Mvuke hukimbilia juu kwenye mapezi, unapoa, unakuwa maji tena, na utambi unayarudisha chini kwa prosesa. Mzunguko huo hauna injini wala sauti. Wazo lilisajiliwa na Richard Gaugler wa General Motors mnamo 1944, likakaa, kisha George Grover wa maabara ya Los Alamos huko Marekani akalifufua mwaka 1963 kwa ajili ya vyombo vya angani. Leo liko ndani ya laptopu nyingi. Na kwa kuwa bomba limefungwa, mwinuko wetu wa mita 2,000 haulihusu. Hewa nyepesi inasumbua feni tu.

Noctua ni ya Austria, feni zake ni za kahawia na krimu, rangi ambazo wateja wangu huzicheka hadi wanapoiwasha. Ni ghali. Arctic ni nafuu zaidi na kwa mashine ya wati 65 sioni sababu ya kulipia zaidi. Kwa kasha jembamba kuna Noctua NH-L9i yenye kimo cha milimita 37, lakini usiiwekee prosesa ya wati 95 ukategemea kimya. Vipo na vipozaji visivyo na feni kabisa, pande kubwa la mapezi matupu, na katika baridi ya Kericho vingefanya kazi nzuri, ila ukubwa wake hauingii kwenye mashine za ofisi na bei yake inaweza kuzidi ya kompyuta. Vya kupozwa kwa maji sivigusi kwa mashine ya zamani. Pampu nayo ina sauti, maji nayo yana siku yake ya kuvuja.

Mwenye kasha jembamba ana njia nyingine ambayo wauzaji wa vipozaji hawatakwambia: badilisha prosesa. Intel ilitoa ndugu za hizi prosesa zenye herufi S au T mwishoni, zinazotumia umeme mdogo. Ile i5-2400 ni wati 95, i5-2400S ni wati 65, zinaingia soketi ileile, na tofauti ya kasi katika kazi za ofisi huioni. Za mitumba hupatikana kwa bei ya chini kuliko kipozaji kizuri. Kabla ya hayo yote, ingia BIOS. Kwenye HP Compaq nyingi unabonyeza F10 wakati wa kuwasha, unaenda sehemu ya Power, kisha Thermal, na huko utakuta mstari wa kasi ya chini kabisa ya feni. Nimekuta mashine ambazo mtu aliupandisha mstari huo, labda kiangazi fulani huko Uingereza, akausahau. Kuushusha ni bure. OptiPlex hazina uhuru huo.

Mwalimu alirudi baada ya wiki, na simu yake, na rekodi mpya. “Shhhh” ilikuwa imekwenda. Sasa kulikuwa na kitu kingine, mlio mwembamba na “tik, tik” ya mbali. Ilikuwa diski yake ya kuzunguka, ambayo siku zote ilikuwa ikipiga kelele nyuma ya feni bila mtu kuijua. Huo ndio mpangilio wa kutuliza kompyuta: ukiondoa sauti kubwa, inayofuata inajitokeza, na ni lazima uamue utaishia wapi. Yeye aliendelea hadi SSD. Mwenye saiba hana haja ya kufika huko.

Kuhusu pesa, kanuni yangu ni kwamba kipozaji kisizidi robo ya thamani ya kompyuta, isipokuwa kwa mtu anayepata riziki kwa maikrofoni. Mashine ya Core 2 Duo inayotumiwa kuandika barua za chama haistahili Noctua. Inastahili brashi, pesti na feni mpya ya bei ndogo. Mashine ya 1155 au 1150 ni hadithi nyingine, kwa sababu ya yale matundu ya milimita 75. Kipozaji ulichonunulia kompyuta ya 2011 kitahamia ile utakayonunua ya 2015, na hata ya 2020, mradi kimo na plagi vikubali. Ndiyo maana situpi kipozaji cha kwanza cha kiwandani. Nakifunga ndani ya mfuko pamoja na skrubu zake nne na kumrudishia mwenyewe, nikiandika juu yake aina ya mashine. Siku akitaka kuiuza, atairudishia kilicho chake, na kile kizuri atabaki nacho.